MUSTARI MWEKUNDU WA TESTE YA MALARIA UNATOKA WAPI?



Mara nyingi siku ya CPS tunasikia: "Munganga, mutoto yangu iko na palu, munipatie tu dawa. Teste ni ya nini?" Tunajua unachoka kungojea na mutoto mwenye homa mugongoni. Lakini lile tone la damu linalotoka kwenye kidole chake linafanya kazi kubwa, na ukiielewa kazi hiyo hautapoteza franga zako bure.

Ni kweli, Kongo yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Hata hivyo, si kila homa ya Kalemie ni malaria. Kwa hiyo tangu mwaka 2010 OMS inaomba kila homa ipimwe kwanza, kisha dawa.

Wakati wa chanjo tuliwaambia kwamba mwili unajifanyia askari. Askari hao wanaitwa antikori. Kila antikori inakamata kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Sasa, mududu wa malaria anayeua sana kwetu, falsiparumu, anaachilia katika damu protini moja inayoitwa HRP2. Mutu asiye na mududu huyo mwilini hatengenezi protini hiyo. Basi ndani ya ile TDR ndogo ya plastiki kuna karatasi, na katika karatasi kuna antikori zinazotafuta HRP2 peke yake.

Namna gani? Antikori za kwanza zimefungiwa vipande vidogo sana vya dhahabu. Ndiyo, mama, dhahabu ya kweli, lakini ndogo hata macho hayaoni, na ikiwa ndogo hivyo rangi yake ni nyekundu. Damu na maji ya teste vinapanda katika karatasi na kuzibeba. Zikikuta HRP2, zinaishika. Mbele yake, pahali pa herufi T, kuna antikori zingine ambazo hazitembei. Hizo zinaishika HRP2 kwa upande wa pili, na dhahabu inakwama hapo pamoja nayo. Dhahabu ikikusanyika, unaona mustari mwekundu. Hata mustari hafifu ni mustari: malaria iko. Pahali pa C lazima mustari utokee kila mara. Usipotokea, teste imekufa, tunachukua ingine. Tunangojea dakika 15 ao 20, kufuatana na aina ya teste. Wanafunzi wangu wa unganga wanajua sipendi mutu anayesoma mbele ya saa.

Wamama wengine wanauliza kama antikori hizo ni damu ya watu. Hapana. Mwaka 1975, kule Cambridge katika Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe ya panya inayotengeneza antikori na chembe ya kansa ya panya, ambayo haichoki kuzaana. Wakapata chembe inayotengeneza antikori ya namna moja tu bila kukoma. Mwaka 1984 walipewa zawadi ya Nobel. Leo katika labo kubwa wasomi wanatumia antikori kama hizo kutafuta vitu vidogo zaidi ndani ya chembe zetu, kwa mufano protini zinazogeuza histoni, ndiyo kusema vile vibobini ambavyo uzi wa urithi umezungushwa juu yake. Antikori hizo ni za utafiti tu, hazipimi mugonjwa. Yako ya TDR imejaribiwa kwa kupima wagonjwa.

Sasa jambo linaloleta matata nyumbani. Mutoto amepimwa, amemaliza dawa zake za siku 3, amepona, anacheza. Baada ya wiki mbili mama anamupimisha tena kwenye farmasi, mustari unatokea, na anauziwa dawa zingine. Mama, teste haioni mududu mwenyewe, inaona HRP2. Mududu akifa, HRP2 inaweza kubaki katika damu wiki kadhaa. Kitunga kilichobeba ndakala kinanuka samaki hata kama umeziuza zote sokoni. Kama homa imerudi kweli, umulete mutoto kwetu na fishi yake, useme siku gani alimeza dawa. Tutafanya goute epese: katika mikroskopi tunamuona mududu mwenyewe, kama yuko.

Na kama mustari wa T haukutokea? Usikasirike, na usiende kununua kinini kwa siri. Homa ina sababu yake, tutaitafuta: kifua, masikio, mukojo, tumbo. Homa ikiendelea siku mbili, urudi, tutapima tena. Lakini mutoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akikakamaa mwili ao akilala bila kuamka, usingojee siku wala teste, uje usiku uleule.

Neno moja tena juu ya teste zinazouzwa njiani. Antikori ni protini, na joto kali linaiharibu, kama yai likiisha kuiva haliwezi kurudi bichi. Sanduku linaandikwa kiasi cha joto ambacho teste inavumilia, mara nyingi digri 30 ao 40. Ile iliyokaa juu ya meza kwenye jua inaweza kukosa mustari wa T hata kama mutoto amejaa malaria.