Kiwanja Nzuguni au Shamba Mvumi: Afya Inakaa Upande Gani wa Dodoma?

Kwa wengi waliohamia Dodoma tangu Serikali ianze kuhama kwa vitendo mwaka 2016, swali hili huja pale mkopo wa nyumba unapokubaliwa. Ununue kiwanja kilichopimwa Nzuguni, Nala au Ihumwa? Au uupe mji kisogo kabisa, uchukue ekari chache Mvumi, Bahi au Kongwa, ufuge kuku, upande alizeti na unywe maziwa ya ng'ombe wako? Anayetaka shamba atakutajia hewa safi, chakula cha asili na mwili unaofanya kazi. Anayetaka kiwanja atakutajia hospitali na maji ya bomba. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja ameacha nje mambo ambayo angepaswa kuyauliza kabla ya kulipa.

Jiji lenyewe limekua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956; ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imetua pembezoni, mahali ambapo juzi tu palikuwa na mtama na uwele. Kwa hiyo mpaka kati ya mtaa na kijiji hauonekani vizuri hata kwa macho, sembuse kwa vijidudu. Sayansi iliyokusanywa katika uwanda huu wa kati kwa zaidi ya miaka 30 inaonyesha kwamba jina la mahali halisemi mengi kuhusu afya ya anayeishi hapo. Kinachosema ni kuta anazolala ndani yake, maji anayokunywa, ghala linalomlisha na muda anaotumia kumfikia daktari.

Tuanze na mwili, kwa kuwa ndiyo hoja inayosikika zaidi. Mwaka 2010 Nigel Unwin na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watu waliotoka vijiji vya Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuondoka, kisha wakapimwa tena katika mwaka wa kwanza wa maisha ya mjini. Ndani ya miezi 12 uzito ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, kwa wanaume na wanawake. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito walishuka kutoka karibu wanne kati ya watano hadi karibu mmoja kati ya wanne. Mpaka hapo, mwenye shamba anachekelea. Lakini watu haohao walianza kula matunda na mboga zaidi, baadhi ya vipimo vya mafuta kwenye damu vikawa bora, na shinikizo la damu halikupanda kwa kiasi cha kutiliwa maanani.

Kenya walipata jibu tofauti. Wajaluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi, ambao Neil Poulter na wenzake waliandika habari zao mwaka 1990, walionyesha shinikizo la juu kuliko wenzao waliobaki nyumbani mapema kabisa baada ya kuwasili, katika mwezi wa kwanza. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, dalili kwamba chakula kilikuwa kimebadilika kabla hata ya kitambi kuota. Tukiuweka utafiti mmoja kando ya mwingine, tunaona kwamba mji haumpi kila mtu presha. Kinachobadilika ni chungu na miguu, na vyote viwili mtu anaweza kuvibadilisha akiwa Area D au akiwa Chamwino.

Kuna na Wahadzabe, majirani zetu wa bonde la ziwa Eyasi, upande wa kaskazini wa uwanda huu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu ambayo miili yao huunguza kwa siku, wakategemea kukuta kiwango kikubwa mno kwa watu wanaotembea porini kutwa wakitafuta asali, mizizi na wanyama. Ukizingatia ukubwa wa mwili, kiwango hicho kilikaribiana na cha wakazi wa Marekani na Ulaya. Inaelekea mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Faida ya kutembea ipo, tena kubwa, kwa moyo na mishipa. Ila anayehamia shambani akidhani jembe peke yake litayeyusha kitambi bila kugusa sahani, amekosea hesabu. Na tusemane ukweli: mashamba mengi ya watumishi wa Dodoma hulimwa na vibarua. Shamba la namna hiyo halimshushii mwenyewe presha. Linamshushia salio la benki.

Tuingie sasa ndani ya nyumba ya kijijini. Tembe la Wagogo, lenye paa bapa la miti na udongo, lilibuniwa na watu wanaolijua jua la Ugogo: mchana ndani kuna ubaridi, usiku kuna joto. Tatizo lake ni nyufa. Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo hujificha papasi, kupe laini anayetoka usiku, anafyonza damu kwa nusu saa hivi, kisha anarudi mafichoni. Anaweza kuishi miaka bila kula. Akiwa na bakteria wa jamii ya borelia, anamwachia mtu homa ya papasi: joto kali kwa siku kadhaa, nafuu, kisha joto tena. Ni homa inayodhaniwa kirahisi kuwa malaria, ingawa Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Wajawazito huharibikiwa mimba kwa ajili yake, na watoto wachanga hufa. Mvumi yenyewe, hiyohiyo inayotamaniwa na watafuta mashamba, ndiko madaktari walikoonyesha katika utafiti wa mwaka 1998 kwamba kupulizia dawa ndani ya nyumba kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu hufanya kazi hiyohiyo bila kurudia kila msimu. Kwa hiyo ukijenga kijijini kwa tofali na saruji, hofu hii karibu imekwisha. Ukinunua tembe la zamani kwa sababu linapendeza kwenye picha, piga lipu kwanza ndipo ulale.

Kongwa ina somo lake. Trakoma, ugonjwa wa macho unaokunja kope ndani mpaka nywele zake zinakwaruza mboni, ulikuwa umeota mizizi huko. Mwaka 1995 Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha jaribio la vijijini Kongwa: baadhi ya vijiji vilipewa dawa ya macho peke yake, vingine vikapewa dawa pamoja na kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Pale walikonawishwa, trakoma kali ilipungua zaidi. Nzi hupenda makamasi na tongo, na huhamisha vijidudu kutoka uso hadi uso. Maji ya kunawa uso hayahitaji kuwa mengi kama wazazi wengi walivyodhani. Kikwazo kikubwa kilikuwa ni nani ndani ya nyumba anaamua dumu lililobebwa kutoka mbali litumike kwa nini. Familia ya mjini yenye bomba uani haina mjadala huo. Familia inayohamia kijijini itaurithi siku ya kwanza pampu inapoharibika.

Ghala nalo lina hadithi chungu. Katikati ya mwaka 2016, wakati magari ya Serikali yakijiandaa kuhamia makao makuu, vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara vilipata wagonjwa wa manjano, matumbo yaliyojaa maji na kutapika. Ilibainika kuwa ni sumukuvu. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota kuvu aina ya aspajilasi, ambao hustawi mmea unapopigwa na ukame ukiwa bado shambani, kisha nafaka ikahifadhiwa kabla ya kukauka sawasawa. Sumu hiyo haionekani, na moto wa kupikia hauimalizi. Kenya ilipitia makubwa zaidi mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125, wengi wakiwa wamekula mahindi ya shambani kwao.

Hapa hoja ya chakula cha asili inayumba. Mtu wa mjini hula unga wa leo kutoka Kibaigwa na wa kesho kutoka kwingine, akichanganya na wali na ndizi. Sumu ikiwepo, mara nyingi humfikia kidogo kidogo. Anayekula ghala lake mwenyewe mwaka mzima hana pa kukimbilia ghala hilo likiharibika. Mabibi wa Ugogo walilima mtama na uwele, nafaka ambazo huvumilia ukame na kwa kawaida hupatwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi. Anayetaka kurudi kwenye asili basi arudi na mbegu yake pia. Akipanda mahindi, ayaanike juu ya turubai na siyo udongoni, ayahifadhi yakiwa makavu katika mifuko isiyopitisha hewa, na yaliyobadilika rangi asimpe hata kuku.

Lakini mahali ambapo mimi ningeangalia mara mbili kuliko Mvumi na kuliko Kongwa ni pembezoni mwa jiji, palepale panapouzwa kama suluhu kati ya mji na shamba. Sababu ni maji.

Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kwa miongo mingi jiji limeishi kwa visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Visima hivyo vina kumbukumbu za vipimo adimu sana katika Afrika ya tropiki, za miaka 55. Richard Taylor wa University College London na watafiti wenzake, wakiwemo Watanzania, walipozichambua mwaka 2013 waligundua kwamba maji ya ardhini hapa hayajazwi na mvua ya kawaida. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, ule wa El Niño wa 1997 na 1998 ukiongoza. Miaka ya katikati ni ya kuchota tu.

Maji yanayokaa chini muda mrefu hivyo hutunza kila kinachomwagiwa. Kiwanja cha pembezoni kina choo cha shimo au karo la maji taka, kwa kuwa mtandao wa majitaka haujafika, na mara nyingi kina kisima, kwa kuwa bomba nalo linasuasua. Vyote viwili ndani ya ukuta mmoja, na cha jirani hatua chache ng'ambo. Mkojo na kinyesi vikioza udongoni hutoa nitrati, inayoyeyuka na kushuka na maji. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu alichapisha uchunguzi wa nitrati nyingi iliyokutwa katika maji ya ardhini ya eneo la Dodoma, na alama za kikemia za naitrojeni zilimwelekeza kwenye maji taka ya watu.

Shirika la Afya Duniani linataka nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita. Mtu mzima huvumilia zaidi ya hapo bila kuhisi kitu. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi: ndani ya mwili wake nitrati hugeuzwa nitriti, nayo huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, midomo na kucha zikawa za bluu. Anayenyonya maziwa ya mama peke yake yuko salama zaidi; hatari ni kwa anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima. Na hapa mazoea yetu yanatusaliti: kuchemsha huua bakteria, ila nitrati haiendi popote. Maji yanapopungua sufuriani, yenyewe huzidi kukolea.

Anayefikiria kwenda upande wa Singida aongeze floridi kwenye orodha ya vipimo. Ukomo wake ni miligramu 1.5 kwa lita, na kupita hapo meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka.

Moshi wa kuni na mkaa nitaupita haraka, kwa kuwa huo haubagui: jiko la kuni jikoni Ipagala ni sawa na la Bahi, na mtungi wa gesi hufika kote. Vilevile mvua. Ile mvua kubwa inayojaza Makutupora ndiyo hufurisha mabonde na kuangua mayai ya mbu wanaobeba homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2007 uliua watu 144 kati ya wagonjwa 309 nchini, Dodoma ikiwa imepigwa kuliko mikoa mingine, wengi wao wakiwa watu wa mifugo. Mwaka wa El Niño, mfugaji wa ng'ombe wawili mwenye ofisi Mtumba hana tofauti na mfugaji wa Bahi: ng'ombe akitupa mimba, asiguswe kwa mikono mitupu, na nyama ya aliyekufa isiliwe.

Kinachobaki ni umbali. Uwanda huu una Hospitali ya Benjamin Mkapa karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa katikati ya mji, na ile ya Mvumi inayohudumia vijiji tangu enzi za wamisheni. Mjamzito au mtoto mchanga anaweza kupata usafiri wa dharura wa mpango wa m-mama kwa kupiga 115 bila malipo. Kiharusi hakina namba kama hiyo, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa chache za kwanza, tena baada ya picha ya ubongo inayopatikana hospitali kubwa tu. Mwenye miaka 30 na watoto wenye afya anaweza kuishi vizuri kwa umbali wa saa mbili. Mwenye miaka 58, presha na kiinua mgongo mkononi, ambaye ndiye hasa mnunuzi wa shamba, apime njia hiyo mwezi Machi, usiku, makorongo yakiwa yamejaa, kabla ya kuonyeshwa mpaka wa ekari.