Mtoto, Mwezi na Kivuli cha Kijiti
Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuanza elimu ya anga kabla hajashika darubini wala kukaririshwa majina ya sayari nane. Anachohitaji ni macho yake, daftari, penseli, na mtu mzima mwenye subira ya kutotoa jibu mapema.

Mwezi ndio mwanzo mzuri kuliko vyote, kwa kuwa hubadilika upesi. Unapoandama, mtoto huutazama magharibi mara jua likishazama, akauchora pamoja na paa au mnazi ulio karibu. Kesho yake, saa ileile na akisimama palepale, huchora tena: umenenepa kidogo, na uko juu zaidi, kwani kila siku huchelewa kutua kwa wastani wa dakika 50. Baada ya wiki hivi, jua likizama nusu mwezi huwa karibu na utosi. Wiki nyingine ikipita, mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapotua. Baadaye mtoto huukuta angani asubuhi akienda shule, na dhana kwamba mwezi ni wa usiku tu humtoka yenyewe. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu. Wa pwani aandike pia hali ya bahari: bamvua huja karibu na mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu mwezi ukiwa nusu.

Michoro hiyo isisahihishwe kwa kufuata kitabu. Vitabu vingi vya Ulaya huonyesha mwezi mchanga umesimama, ilhali Afrika Mashariki mara nyingi hulala kama mtumbwi, pembe zikielekea juu. Karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, hivyo mwezi huangazwa kutoka chini. Mtoto aliyeuchora umelala amechora alichokiona, naye yuko sahihi.

Mchana kuna kivuli. Kijiti husimikwa wima uani, na kila saa jiwe huwekwa kwenye ncha ya kivuli chake. Dar es Salaam, kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini mwezi Desemba na kusini mwezi Juni. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, hutoweka kabisa. Jua lenyewe lisitazamwe kamwe, kwa macho wala kwa darubini, maana hupofusha.

Maelezo yaje michoro ikishakuwa mingi. Usiku, chumbani, huwashwa taa moja tu. Mtoto hunyoosha mkono akiwa na chungwa, akaliinua juu kidogo ya kichwa, kisha hugeuka taratibu. Nusu ya chungwa huwa na mwanga daima. Kinachobadilika ni kiasi anachokiona cha nusu hiyo. Wapo watu wazima wengi wanaodhani kivuli cha dunia ndicho kinachoukata mwezi kila siku. Chungwa huondoa dhana hiyo: akilishusha usawa wa kichwa huku ameipa taa kisogo, kivuli cha kichwa chake, ambacho hapa ni dunia, hulifunika, na huko ndiko kupatwa kwa mwezi.