Angekopa Zaidi, Angesamehewa

Chukulia kuna mama muuza mitumba Gikomba, soko la Nairobi lisiloisha kuungua. Usiku mmoja kibanda chake kinateketea na marobota mawili ndani. Kunapokucha amebakiwa na daftari la madeni tu: chama chake cha akiba kinamdai shilingi 30,000, aliyemkopesha marobota 35,000, na programu tatu za mikopo ya simu 15,000 kwa jumla. Hesabu yote ni 80,000. Hana shamba wala gari, na mtaji umekuwa majivu.

Mama huyu ni wa kubuni, ila masaibu yake mbele ya sheria si ya kubuni. Kama madeni yake yangefika shilingi 100,000, Kenya ina utaratibu ambao ungeweza kumfutia karibu yote baada ya miezi 12. Kwa kuwa anadaiwa 80,000, utaratibu huo haumhusu. Angekopa 20,000 zaidi kabla ya moto, angestahiki.

Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Ufilisi ya 2015, nao ni wa mdaiwa asiye na mali. Anayeuomba hana haja ya kwenda mahakamani. Anapeleka maombi kwa Mpokezi Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi, akieleza anadaiwa na nani, kiasi gani, anapata nini na ana nini. Masharti yanajulikana: madeni yasipungue shilingi 100,000 wala kuzidi 4,000,000, asiwe na mali ya kuuzwa, asiwe na uwezo wa kulipa hata sehemu, na asiwe amewahi kutangazwa muflisi au kupitia utaratibu huo huo. Akikubaliwa, wadai wanatakiwa kuacha kumfuata. Mwaka ukipita bila kugundulika kwamba alificha kitu, madeni yanafutwa. Akigundulika alidanganya, anatolewa na wadai wanarudi mlangoni.

Kwa nchi ambayo hadi 2015 ilikuwa ikitumia sheria ya ufilisi ya enzi za ukoloni, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Chini ya sheria ya zamani, muflisi hakuachiliwa kwa kupita kwa muda. Ilimbidi arudi mahakamani kuomba, na wadai walikuwa na nafasi ya kumpinga. Sheria ya 2015 inamwachilia muflisi wa kawaida miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, isipokuwa kuwe na pingamizi. Iliongeza pia njia za kuepuka ufilisi wenyewe, kama mapatano na wadai au amri ya kulipa kwa awamu chini ya usimamizi wa Mpokezi Rasmi. Awamu ni njia nzuri kwa mwenye mshahara. Kwa aliyeunguliwa na kibanda, awamu ya nini?

Wanasheria wanaoifahamu New Zealand hawatashangazwa na maneno ya sheria hii. Nchi hiyo ilitunga sheria ya namna hiyo 2006, ikiwa na utaratibu wa asiye na mali wenye kiwango cha chini na cha juu, na Kenya ikafuata nyayo. Kule kiwango cha chini kiliwekwa dola 1,000, fedha ambayo mfanyakazi anaweza kuipata kwa muda usio mrefu. Shilingi 100,000 Gikomba ni kitu kingine kabisa. Kipimo kimeazimwa bila kumpima atakayekivaa.

Wakati huo huo mikopo yenyewe ilikuwa ikizidi kuwa midogo. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilianza Novemba 2012, Fuliza ikaja 2019, na mwishoni mwa 2022 serikali ikazindua Hustler Fund, mkopo unaoanzia shilingi 500. Mkenya wa leo anaweza kuzama bila kukopa shilingi 100,000 mahali popote: 3,000 hapa, 7,000 pale, na nyingine ya kulipia ile ya kwanza. Jirani zake wa Tanzania wana jina lisilohitaji tafsiri kwa mikopo ya aina hii inapofikia kumnyonya mtu: kausha damu.

Ukubwa wa tatizo ulionekana Novemba 2022, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza mpango wa kuwasafisha wakopaji wa simu walioorodheshwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, maarufu kama CRB. Benki zilizoshiriki zingepunguza angalau nusu ya mikopo chechefu ya muda wa siku 30 au chini ya hapo, na mkopaji angelipa kilichobaki. Mpango ulilenga watu zaidi ya milioni 4.2 na mikopo ya takriban shilingi bilioni 30. Ukigawa, kila mmoja anadaiwa wastani wa shilingi 7,000 na ushei. Hao ndio wadaiwa wa Kenya kwa wingi wao, na deni la kiasi hicho peke yake halifikii kizingiti cha sheria. Msamaha wao ulitoka kwa tangazo la Benki Kuu, jambo la mara moja. Hawakuwa na haki ya kisheria ambayo mtu anaweza kwenda kuidai siku ya msiba wake.

Uingereza imeshughulikia mdaiwa mdogo kwa njia tofauti. Tangu 2009, England na Wales zina amri ya nafuu ya madeni kwa watu wa kipato cha chini wasio na mali. Haina kiwango cha chini cha deni. Maombi hupitia mshauri wa madeni aliyeidhinishwa, ambaye mara nyingi yuko katika shirika la hisani na hatozi chochote. Aprili 2024 serikali ikafuta ada ya pauni 90 iliyokuwa ikitozwa, na Juni mwaka huo ikapandisha kiwango cha juu cha deni kutoka pauni 30,000 hadi 50,000. Ada ya pauni 90 ilikuwa kichekesho cha aina yake: mtu athibitishe kwamba hana kitu, kisha alipe.

Hata hivyo, kuiga tena hakutatosha, kwa sababu mdai wa Gikomba si kampuni ya kadi za mkopo. Zile 30,000 za chama ni za akina mama wengine, baadhi yao huenda nao waliunguliwa usiku ule ule. Ukimfutia mmoja umewaumiza kumi. Ugumu ni ule ule kwa mwalimu aliyekopa Sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, akidhaminiwa na wenzake watatu. Sheria inasema wazi kwamba kuachiliwa kwa muflisi hakumwachilii mdhamini. Mwalimu akisafishwa, deni linahamia upande wa pili wa meza katika ofisi ya walimu, na mishahara ya wadhamini ndiyo itakatwa. Yeye kesho anakunywa nao chai. Hapo hata mtu jasiri atasita kujaza fomu.

Kwa hiyo mageuzi yenye maana hayana budi kugusa mambo matatu kwa pamoja. Kizingiti cha 100,000 kiondolewe. Mdhamini aliyetwishwa deni la mwenzake apewe haki ya kulilipa kidogo kidogo bila riba mpya kuongezwa. Na ushauri wa madeni utolewe bure mahali watu wanapokwenda tayari, kama vile Huduma Centre, vituo vya huduma za serikali. Wakopeshaji watalalamika kwamba msamaha unafundisha watu kutolipa. Msamaha unaotolewa mara moja tu maishani, baada ya mtu kufunua mifuko yake yote kwa afisa wa serikali, si chambo kinachoweza kumvuta mjanja.

Wakati hayo yakisubiriwa, liko jambo moja ambalo mdaiwa anapaswa kulijua leo. Kenya bado inaruhusu mtu kufungwa kwa deni la madai, hadi miezi 6. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua kwamba kifungo hicho kinakiuka mkataba wa kimataifa unaokataza kumfunga mtu kwa kushindwa tu kutimiza mkataba. Miaka miwili baadaye Jaji David Majanja aliona kwamba sheria yenyewe inaweza kubaki, mradi mahakama imtenge asiyeweza kulipa na anayekataa kulipa. Aliyeletewa hati ya kumtaka aeleze kwa nini asifungwe asiitupe wala asihame nyumba. Aende siku hiyo hiyo iliyoandikwa, na taarifa za M-Pesa za miezi 6, risiti ya kodi ya nyumba, barua ya mzee wa mtaa kuhusu moto. Asipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata.