Iowa City: Watu elfu makumi wanaposimamisha mpira na kuangalia hospitali

Iowa City, muji mdogo wa katikati ya Marekani, una wakaaji karibu 75,000. Uwanja wake wa mpira, Kinnick Stadium, una nafasi ya watu 69,250. Ni kusema, siku ya mchezo unaweza kuingiza karibu muji mzima na kufunga mlango. Stade des Martyrs inaupita kidogo, lakini Kinshasa ni muji wa mamilioni ya watu. Tena huu si uwanja wa klabu ya tajiri fulani. Ni wa Chuo Kikuu cha Iowa, na wachezaji ni wanafunzi.

Wakongomani ni wengi hapa na katika miji jirani ya Coralville na Cedar Rapids. Shemeji yangu, mzaliwa wa Uvira, alimaliza miaka sita bila kukanyaga uwanjani: tiketi ni bei kali, na mchezo wenyewe hakuuelewa. Siku ya posho moja ya mwezi wa kumi, dada yangu akaamua kwamba tutaenda wote. Alikuwa na sababu yake.

Saa mbili ya asubuhi Melrose Avenue ilikuwa imejaa. Wenyeji wanakodisha parseli zao kwa magari. Watu wamefungua magari nyuma, wameweka meza, nyama inachomwa, pombe inanyweka, na kila mtu amevaa nyeusi na manjano, hata mbwa. Mzee mmoja tusiyemjua alitupatia soseji na kutuuliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Kongo, akaongeza nyingine.

Mlangoni wanakubali tu mfuko unaoonyesha vitu vya ndani, kwa hiyo dada alirudisha sakoshi yake kwenye gari. Ndani hakuna viti, ni mabenchi yenye namba, na mnabanana kama kwenye takisi-bisi ya jioni. Fanfari ya wanafunzi ikapiga, kisha ekipe ikatoka ikiwa imeshikana mikono, polepole, kama watoto wa masomo wanaovuka barabara. Kelele iliyofuata niliisikia kifuani.

Mpira wenyewe? Ni wa mikono zaidi kuliko miguu. Ekipe inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, karibu metre 9. Ikishindwa, wengine wanaupokea. Ukiufikisha mwisho wa uwanja unapata alama 6. Kuna vipande vinne vya dakika 15, lakini wanacheza sekunde chache, wanasimama, wanashauriana, wanangoja matangazo ya televisheni, mpaka saa tatu zinapita. Kwa sisi tuliokomaa na Mazembe na Vita Club, hapo uvumilivu unaisha. Shemeji alisinzia mara mbili.

Vijana hao zamani walilipiwa masomo tu. Tangu 2021 wanaweza kuuza jina na sura yao kwa matangazo, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwalipa. Uwanja, uliofunguliwa mwaka wa 1929, una jina la mmoja wao wa zamani: Nile Kinnick, aliyechaguliwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani mwaka wa 1939, akafa mwaka wa 1943 katika mazoezi ya urubani wa vita, akiwa na miaka 24. Na chumba cha kuvalia cha wageni kimepakwa rangi ya waridi, kuta mpaka vyoo. Kocha Hayden Fry, aliyekuja mwaka wa 1979 na aliyesomea saikolojia, ndiye alianzisha ujanja huo. Sijui wageni wanaulegea kweli, lakini wenyeji wanaupenda sana.

Kisha kipande cha kwanza kikaisha.

Ngambo ya barabara kuna hospitali ya watoto ya chuo, jengo refu la vioo linalochungulia ndani ya uwanja. Tangu 2017, wakati huo wa kila mchezo, uwanja mzima unageuka, wenyeji na wageni, wachezaji, kocha na waamuzi, na kupungia mkono watoto walio madirishani. Miaka miwili iliyopita mtoto wa dada yangu alilala huko majuma mengi, na siku za mchezo walimpeleka etaje ya 12 kuangalia. Yeye alikuwa ameuona uwanja huu kutoka juu tu.

Sasa ana miaka tisa. Alipanda juu ya benchi, akamuuliza mama yake dirisha lilikuwa lipi. Dada akahesabu kwa kidole, akakosea, akaanza tena. Shemeji alikuwa macho kabisa, na hakusema kitu.

Mchezo ulianza upya, watu wakakaa. Mtoto akabaki amesimama, mkono juu, na bwana aliyekuwa nyuma yetu, ambaye hakuweza tena kuona uwanja, hakumwambia akae.