Owino Uhuru: Malalamiko ya akina mama yalivyowaleta watafiti

Kila tukizungumzia moshi wa kiwanda au maji yaliyobadilika rangi, simu zenu huja na swali lilelile: sisi wa kawaida tukilalamika, nani atatusikia bila karatasi ya mtaalamu? Tuangalie basi yaliyotokea Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, nchini Kenya, ambako wananchi ndio waliotangulia na wataalamu wakafuata.

Kando ya nyumba zao kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. (Ndiyo, risasi ya bunduki ilipata jina lake kwa madini haya.) Vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto mdogo huharibu ubongo, na dalili zake hufanana na za magonjwa mengine. Phyllis Omido, aliyeanza kazi kiwandani hapo mwaka 2009, alihangaika na mwanawe mchanga hospitalini kwa sababu hiyo hiyo: alidhaniwa ana malaria, kumbe damu yake ilikuwa na risasi. Aliacha kazi, akahakikisha watoto wengine wa mtaani wanapimwa, nao wakakutwa na tatizo hilo. Wakazi wakaandamana, wengine wakakamatwa, Omido akiwemo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Mwaka 2015 watafiti wa afya wakaja kupima damu za watoto 130 wa chini ya miaka mitano. Nusu walitoka Owino Uhuru, na nusu mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh. Msikilizaji anaweza kuuliza, mtaa wa pili wa nini? Sababu ni kwamba mwenye kiwanda angeweza kusema watoto wote wa mitaa ya aina ile wana risasi mwilini. Ukipima mitaa miwili inayofanana kwa maisha, tofauti ikawa ni kiwanda tu, utetezi huo unakosa nguvu. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 katika desilita moja ya damu. Bangladesh ulikuwa 3.7. Udongo wa Owino Uhuru nao ulikuwa na risasi nyingi zaidi, ingawa tanuri lilikuwa limeshazimwa. Moshi ulikwisha, vumbi likabaki pale watoto wanapochezea.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo hata hiyo 3.7 si ya kufurahia.

Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi wa kwanza.

Hata huko Marekani elimu hii ilianza kwa malalamiko ya namna hii. Mwaka 1979, mjini Houston, wakazi Weusi walikwenda mahakamani kupinga jalala karibu na nyumba zao. Wakili wao, Linda McKeever Bullard, alimwomba mumewe Robert, mtaalamu wa elimu ya jamii, atafute majalala ya mji yako wapi. Akakuta yote matano ya halmashauri yako katika mitaa ya Weusi, ambao walikuwa kama robo tu ya wakazi. Kesi walishindwa. Robert Bullard hakuacha; aliendelea kuchunguza, mwaka 1990 akatoa kitabu, na leo vyuo vikuu vingi vinafundisha somo hilo.

Kwa hiyo mkiona jambo kijijini, andikeni tarehe, upepo ulikoelekea, nani aliugua na lini, na mtunze vyeti vya zahanati. Mtafiti akifika, hayo ndiyo atakayoyaulizia kwanza.