Konsuli, Pretori na Mshingantahe: Kuita Mamlaka kwa Jina Lake katika Kiswahili cha Bujumbura

Makala haya yanalinganisha mamlaka na wajibu wa waamuzi wakuu wa Roma ya kale na wa Burundi ya jadi ili kujibu swali la istilahi. Mkazi wa Jabe, mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili kina wasemaji wengi, atajiwe kwa jina gani mtu anayesikiliza mgogoro wake wa kiwanja kabla haujafika mahakamani? Neno linalokuja upesi kinywani ni "hakimu". Tunashikilia kwamba neno hilo linapotosha.

Katika Jamhuri ya Roma, makonsuli wawili walichaguliwa kila mwaka. Walishika imperiumu, yaani mamlaka ya kuamuru jeshi, kuitisha mabaraza na kuadhibu. Kila mmoja alitanguliwa na watumishi 12 waliobeba matita ya fito. Ndani ya mji shoka liliondolewa kwenye matita hayo, ishara kwamba raia hauawi kwa amri ya mtu mmoja. Konsuli mmoja aliweza kumzuia mwenzake, na raia aliyehukumiwa aliweza kukata rufani kwa umma. Kuanzia mwaka 366 K.K., kazi ya kusimamia mashauri ilikabidhiwa pretori. Mamlaka hayo yalikuwa makubwa, lakini yalikuwa na kikomo cha muda na cha mwenza.

Washingantahe wa Burundi nao wanatambulishwa kwa fimbo, intahe, na jina lao lina maana ya wanaoisimika fimbo hiyo. Hata hivyo, fimbo hiyo haiadhibu. Mshingantahe hakupigiwa kura. Jamii ilimchunguza kwa muda mrefu, kisha akatawazwa hadharani na kula kiapo, na heshima hiyo akawa nayo maisha yake yote. Wajibu wake ulikuwa kusikiliza pande zote mbele ya watu, kupatanisha, na kushuhudia mikataba ya ardhi, ndoa na urithi. Uamuzi ulitolewa kwa pamoja baada ya faragha. Amri ilikuwa ya mwami na watawala wake. Kasoro ya mfumo huo ni kwamba wanawake hawakutawazwa kwa nafsi zao.

Sheria za nchi zimeubadilisha wajibu huo mara kadhaa. Sheria ya mahakama ya mwaka 1987 iliwatambua washingantahe kuwa wasaidizi wa haki. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitaka taasisi yao ihuishwe. Sheria ya tarafa ya mwaka 2005 iliwataja pamoja na mabaraza ya vilima, lakini marekebisho ya mwaka 2010 yakawaondoa. Mwaka 2021 likaja baraza la wazee wa kilima au mtaa, ambao huchaguliwa. Kwa njia ya kupatikana kwao, wazee hao wanafanana zaidi na konsuli kuliko na mshingantahe. Kwa kazi yao ya kupatanisha, wanafanana na mshingantahe.

Kuwaita wote "hakimu" kuna gharama. Anayeamini kwamba amehukumiwa na hakimu anaweza kuuchukua usuluhishi kuwa hukumu yenye nguvu ya dola, asiende mahakamani ingawa ana haki ya kwenda. Kinyume chake, anayesikia "mzee" tu anaweza kulidharau baraza, kisha akatumia fedha na siku nyingi kwa shauri ambalo lingemalizwa na majirani.

Tunapendekeza istilahi tatu. "Hakimu" abaki kuwa mtumishi wa mahakama ambaye hukumu yake hutekelezwa na dola. "Mshingantahe" apokewe katika Kiswahili kama lilivyo neno lenyewe, kwa aliyetawazwa na jamii. "Mpatanishi wa mtaa" awe mjumbe aliyechaguliwa wa baraza la wazee. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na tafsiri za sheria zake kwa Kiswahili zitasomwa pia nje ya mipaka yake. Kila tafsiri ya aina hiyo ieleze, katika sentensi yake ya kwanza, nani amempa mwamuzi mamlaka, kwa muda gani, na ni nani anayeweza kuutengua uamuzi wake.