Tab au nafasi? Amua kabla ya kuandika programu

Faili la Python linaweza kuonekana limenyooka kwenye skrini na bado likagoma kuendeshwa. Mistari miwili imelingana kushoto: mmoja umeanza kwa nafasi 4, mwingine kwa Tab moja, na kihariri kimewekwa kuonyesha Tab kwa upana wa nafasi 4. Jicho halioni tofauti. Python 3 inaiona, na inasimamisha kazi kwa kosa liitwalo TabError.

Tab na nafasi ni herufi mbili tofauti. Katika jedwali la ASCII, nafasi ni namba 32 na Tab ni namba 9. Nafasi huchukua safu 1 siku zote. Tab haina upana wake yenyewe; hukupeleka hadi kituo kinachofuata. Vituo vikiwa kila baada ya safu 8, kama ilivyo desturi ya Unix, na umeshaandika herufi 3, Tab itaruka safu 5. Ukipunguza upana kutoka 8 hadi 4, hakuna hata baiti moja inayobadilika ndani ya faili. Umebadilisha mwonekano wa kwako tu.

Kwa hiyo ukifungua mipangilio, tenganisha maswali matatu. Tab iliyomo kwenye faili ionekane kwa upana gani? Kila hatua ya kujongeza mstari iwe safu ngapi? Ukibonyeza kitufe cha Tab, iandikwe Tab yenyewe au nafasi? Katika Vim maswali hayo hujibiwa na tabstop, shiftwidth na expandtab, kwa mfuatano huo. Katika Visual Studio Code, editor.tabSize kwa kawaida hubeba mawili ya kwanza, na editor.insertSpaces hubeba la tatu. Angalia pia editor.detectIndentation, ambayo huja ikiwa imewashwa: kihariri hukisia kutokana na faili ulilofungua, na makisio hayo huishinda namba uliyoweka. Anayelalamika kwamba mipangilio yake haishiki, mara nyingi kinachomkwamisha ni hiki.

Uchaguzi wenyewe huongozwa na lugha. Mwongozo wa Python, PEP 8, unataka nafasi 4. YAML inakataza kabisa kujongeza kwa Tab. Gofmt ya lugha ya Go hujongeza kwa Tab, na kiini cha Linux hutumia Tab zenye upana wa safu 8. Katika Makefile, mistari ya amri huanza kwa Tab, desturi iliyotoka kwa make ya Stuart Feldman, iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1976. Ukiweka nafasi 8 badala yake, make ya GNU hukatisha kazi na kukuuliza kama ulikusudia Tab.

Kwa kuwa kila mradi una kanuni zake, kanuni hizo zikae ndani ya mradi, si kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Weka faili la .editorconfig kwenye folda kuu:

root = true

[*.py]
indent_style = space
indent_size = 4

[Makefile]
indent_style = tab

Baadhi ya vihariri hulisoma faili hili moja kwa moja; Visual Studio Code huhitaji kiongezi.

Ukirithi faili lililochanganyika, lisafishe, lakini usafi huo uuhifadhi kwenye Git peke yake. Usiuchanganye na marekebisho ya programu, maana anayekagua kazi yako ataona kila mstari umebadilika na asijue ulichorekebisha.